MAJI NDANI YA OILI
Namna ya Kuujua Ugonjwa wa Mashine ya Boti Kabla ya Kuizika

Mkulima wa karafuu akiwa na majamvi yake uwanjani huihofia mvua kuliko kitu chochote. Lakini sisi wenye mashamba ng'ambo ya maji tunayo khofu ya pili, nayo ni chombo kushindwa kuvuka. Karafuu iliyokwisha kauka, ikikaa siku nyingi kando ya pwani ikingoja usafiri, hunyonya unyevu. Na karafuu yenye unyevu huota ukungu, hushuka daraja, na mwenye nayo hurudi nyumbani na fedha pungufu. Kwa ajili hiyo tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza wanachama yale yaliyotukuta msimu uliopita katika boti ya Chama, kwani yanaweza kumkuta kila mwenye mashine ya baharini, awe wa Wete, wa Mkoani, wa Kojani au wa Fundo.

Boti yenyewe wengi wenu mnaijua. Ni mashua ya mbao iliyotiwa mashine ya dizeli ya silinda 3, na kazi yake ni kuwavusha wachumaji asubuhi kutoka Wete kwenda Mtambwe, na jioni kurudi na magunia. Mashine hiyo ina maji ya namna mbili. Yapo maji matamu yanayozunguka ndani yake kupoza silinda, na yapo maji ya bahari yanayovutwa na pampu ili kuyapoza hayo maji matamu na kuipoza oili, kisha hutoka nje kwa njia ya ekzosi. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani ndilo lililotuokoa.

KHABARI ILIVYOANZA

Katikati ya msimu, siku ambayo magunia yalikuwa yamekwisha shonwa na kupangwa pwani, nahodha alichomoa kijiti cha kupimia oili kabla ya kuwasha, kama ilivyo desturi yake. Akaona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kimo chake kimepanda juu ya alama. Hakuiwasha mashine. Alikuja kwetu akasema: "Mabwana, mashine imekunywa maji."

Tukamwita fundi. Alikitazama kijiti, akatikisa kichwa, na bila ya kufungua hata nati moja akatoa hukumu kwamba kichwa cha silinda kimepasuka na mashine imekwisha. Bei ya mashine nyengine aliyotutajia ilizidi akiba yote ya Chama.

Kikao cha jioni ile hakikuwa kizuri. Wako waliosema tuuze karafuu za akiba kwa bei ya siku ile, ingawa ilikuwa ndogo. Wako waliosema tukope kwa kuweka rehani mavuno ya msimu unaofuata. Na tunakiri kwamba sisi tulioshika daftari tulikuwa karibu ya kukubali. Ndipo mzee mmoja, aliyefanya kazi ya mashine za vyombo tangu ujana wake, alipoomba ruhusa ya kusema. "Wanangu," alisema, "mgonjwa hajaulizwa anaumwa wapi, nanyi mmeshanunua sanda. Nipeni siku tatu, na mtu yeyote asiiwashe mashine hiyo."

Tukampa siku tatu. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza kwake, nasi tumeyaandika kwa utaratibu ule ule alioufuata.

KWANZA: JE, NI MAJI KWELI?

Si kila oili iliyopanda juu ya alama imeingia maji. Dizeli nayo huweza kuvuja kutoka pampu ya dizeli au nozeli mbovu ikashuka chini. Lakini oili iliyoingia dizeli hubaki nyeusi, huwa nyepesi baina ya vidole, na hunuka dizeli. Oili iliyoingia maji hugeuka rangi ya maziwa, kwa kuwa mashine huipigapiga pamoja na maji hata vikashikana.

Tena si kila weupe ni maradhi. Mashine inayowashwa dakika chache tu kisha ikazimwa haipati joto la kutosha, na mvuke ulio ndani yake hugeuka matone. Hapo utaona utando mweupe chini ya kifuniko cha kutilia oili, lakini kijiti ni safi na kimo hakikupanda. Dawa yake ni kuiendesha mashine mpaka ipate joto barabara.

Ukiwa na shaka, chukua matone mawili ya oili uyaweke juu ya kipande cha bati kilichotiwa moto sana. Oili safi hutoa moshi tu. Oili yenye maji hulia chwaa na kurukaruka, kwani maji huchemka kwa digrii 100 na oili bado. Yaweke macho mbali, kwani matone hayo huunguza.

Jambo jengine ambalo wengi hulisahau ni kuwa maji ni mazito kuliko oili. Mashine ikilala usiku kucha, maji yasiyochanganyika hushuka chini kabisa ya sampu, na kijiti kinaweza kuonyesha oili nzuri juu yake. Kwa hivyo mzee wetu alilegeza nati ya chini asubuhi, kabla mashine haijaguswa, akakinga kilichotoka mwanzo katika chupa. Karibu kikombe kizima kilikuwa maji, kisha ndiyo ikafuata oili.

PILI: NI MAJI MATAMU AU YA BAHARI?

Hili ndilo swali kubwa, na ndilo ambalo fundi wa kwanza hakuliuliza.

Mzee aliiacha chupa itulie, akayatenga maji na oili, akayatia katika kijiko kikubwa cha chuma juu ya makaa mpaka yakakauka. Kijikoni kikabaki chumvi nyeupe, nyingi, ya kukwaruza kwa ukucha. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35, kwa hivyo hata kijiko kimoja huacha alama isiyofichika. Kijana mmoja alitaka kuyaonja, mzee akamzuia. Maji ya kupozea mashine mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia kutu, na baadhi ya dawa hizo ni sumu. Pima kwa kijiko na moto, usipime kwa ulimi.

Baada ya hapo alifungua tangi la maji matamu. Lilikuwa limejaa kama kawaida, na maji yake yalipokaushwa hayakuacha chumvi.

"Basi," akasema, "kichwa cha silinda kimeachiliwa huru." Sababu yake ni hii. Katika mashine ya namna yetu, maji yanayopita katika kichwa na pembeni mwa silinda ni maji matamu. Kama kichwa kimepasuka, au gasketi yake imeungua, au mipira ya chini ya silinda imekwisha, yatakayoingia katika oili ni maji hayo matamu, na tangi litapungua. Yetu yalikuwa ya chumvi na tangi halikupungua. Hukumu ya mashine nzima ilivunjwa na kijiko kimoja.

Lakini tuelewane. Ziko mashine, khasa ndogo na za zamani, zinazopozwa moja kwa moja na maji ya bahari. Katika hizo kila maji yanayovuja ni ya chumvi, na jaribio la kijiko halitenganishi kitu. Na kama tangi la maji matamu lenyewe limeingia chumvi, basi kipoza maji kinavuja nacho, na lazima kitazamwe kwanza.

Wale ambao maji yao yatatokea kuwa matamu, na watazame dalili hizi: tangi hupungua kila siku, mapovu hutoka tangini mashine ikienda, moshi mweupe hauishi hata mashine ikipata joto, mashine huchemka upesi. Hapo ndipo kuna haja ya kukishuku kichwa na gasketi. Na ili kupata yakini, fundi huondoa sampu, huyasukuma maji ya tangi kwa pampu ya mkono kwa nguvu isiyozidi ile iliyoandikwa juu ya kifuniko cha tangi, kisha hutazama kutoka chini matone yanadondoka wapi.

TATU: MAJI YA BAHARI YAMEPITA MLANGO GANI?

Maji ya chumvi yana milango minne. Mzee aliifuata mmoja mmoja, akianza na ule rahisi.

Mlango wa kwanza ni ngama. Boti ikivuja, au mvua ikijaa ndani, maji ya ngama hupanda mpaka kwenye sili ya shafti, au gurudumu la mkanda huyarusha yakaingia penye kijiti. Tazama mbao za pembeni: maji yaliyopanda huacha mstari wa uchafu na oili. Mstari wetu ulikuwa chini sana ya mashine. Mlango huo ukafungwa.

Mlango wa pili ni ekzosi, na mlango huu umeua mashine nyingi. Maji ya bahari hutiwa ndani ya bomba la ekzosi ili kulipoza, na moshi ndio unaoyasukuma nje. Mtu akishindwa kuwasha, akawa anazungusha na kuzungusha, pampu huvuta maji kila mara na moshi wa kuyatoa haupo. Maji hujaa, hurudi nyuma, hupita penye valvu iliyo wazi, huingia silinda na kupenya kwenye ringi za pistoni mpaka katika oili. Vile vile hutokea mashine iliyo chini ya usawa wa bahari ikiwa haina valvu ya kukata mvuto wa maji, au kiwiko cha ekzosi kimeliwa na kutu ndani, au wimbi la nyuma limeingia bombani.

Dalili yake ni mashine kugoma ghafla kwa kishindo inapowashwa. Hapo usiilazimishe, kwani maji hayabanwi kama hewa, na mkono wa pistoni hupinda. Toa nozeli zote kisha izungushe kwa mkono. Kama kuna maji yataruka nje. Mzee alizitoa zetu tatu. Silinda zote zilikuwa kavu.

Kabla ya kuendelea na milango miwili iliyobaki, alitaka kujua jambo jengine: maji yanaingia mashine ikienda, au hata ikilala? Tukamwaga oili yote, tukatia safi ya bei nafuu, na mashine ikazungushwa kwa mkono tu. Usiku wa kwanza tuliiacha wazi bilula ya maji ya bahari. Asubuhi, kwenye nati ya chini, yalitangulia maji kutoka. Nozeli zikatolewa tena, na silinda bado zilikuwa kavu. Usiku wa pili tuliifunga bilula. Asubuhi ikatoka oili tupu. Basi tukajua kwamba maji yanaingia chombo kikiwa kimetulia, na yanapita katika njia ya maji ya bahari baina ya bilula na ekzosi. Lakini mzee alitutahadharisha kuwa kama maji yasingeingia usiku, jambo hilo lisingetosha kuwa ushahidi, kwani kuna tundu zinazovuja mashine ikienda tu.

Mlango wa tatu ni kipoza oili. Ndani yake mna vibomba vyembamba. Upande mmoja hupita maji ya bahari na upande wa pili hupita oili. Kibomba kikitoboka, mashine ikienda oili hukimbilia katika maji, kwa sababu nguvu ya oili katika mashine nyingi za dizeli ni kiasi cha ratili 40 mpaka 60 kwa inchi ya mraba, na ya maji ni ndogo sana. Utaona mafuta ya rangi rangi juu ya bahari penye tundu la ekzosi, na oili ikipungua. Mashine ikizimwa, nguvu ya oili hutoweka, na maji ndiyo yanayorudi kuingia. Kwa hivyo mashine inayopoteza oili mchana na kuongeza maji usiku, mshuku kwanza huyu. Tulikifungua chetu, tukaziba upande mmoja, tukakizamisha katika ndoo na kutia hewa kwa pampu ya baiskeli, kiasi cha ratili 15. Hapakutoka povu hata moja. Na giaboksi yenye kipoza chake hupimwa hivyo hivyo, oili yake ikigeuka maziwa.

Mlango wa nne ni pampu ya maji ya bahari. Katika mashine nyingi pampu hii hufungwa juu ya mashine yenyewe na shafti yake huingia ndani penye oili. Kwa hivyo huwekwa sili mbili, moja ya kuzuia maji na moja ya kuzuia oili, na baina yao huachwa tundu dogo upande wa chini. Tundu hilo ni mlinzi. Sili ya maji ikichoka, maji hudondoka nje kwa tundu hilo na nahodha huyaona mapema, kabla hayajaifikia oili.

Mzee aliingiza kidole chini ya pampu yetu, akapapasa, akatutazama. Tundu halikuwepo. Alichukua sindano ya kushonea magunia akakwangua, na kipande cha rangi ya kijani kikaanguka. Nyuma yake likatoka tone la maji, kisha jengine, yamechanganyika na oili.

Tuliinamisha vichwa, ndugu wanachama. Rangi ile tuliipaka sisi wenyewe kabla ya msimu, ili mashine ipendeze machoni pa wageni. Tulimziba mdomo mlinzi wetu, na maji yaliyokosa pa kutokea yakaishinda sili ya pili yakaingia ndani.

MATENGENEZO NA GHARAMA YAKE

Pampu ilipofunguliwa, shafti yake ilikuwa na mfereji uliochimbwa na sili, wa kunasa ukucha. Kutia sili mpya juu ya shafti ya namna hiyo ni kazi bure, kwa hivyo tulinunua shafti na sili mbili, na gasketi yake. Kisha mashine ikaoshwa: oili safi ya bei nafuu na chujio jipya, kuendeshwa dakika chache bila ya mzigo, kumwagwa, kisha kurudiwa mpaka oili itoke bila ya weupe. Yetu ilikuwa safi mara ya tatu. Baada ya saa 10 za kazi tulibadilisha tena oili na chujio.

Haraka katika jambo hili ni ya lazima. Chumvi haingoji, huanza kula beringi na shafti mara tu mashine inaposimama. Mtu asiyeweza kutengeneza kwa siku mbili tatu, na ayamwage maji yote, kisha aijaze mashine oili au dizeli mpaka juu ili hewa isipate nafasi, na aandike ubao na kuufunga juu yake ili asije mtu akaiwasha katika hali hiyo.

Gharama yetu yote, pamoja na oili za kuoshea, haikufika bei ya gunia moja la karafuu kavu. Lakini tusijisifu, kwani khasara nyengine ilitupata. Siku sita boti ilipolala, magunia yalivushwa kwa mashua ya matanga iliyokodiwa, na safari ya siku ya nne ilikutwa na mvua katikati ya mkondo. Baadhi ya magunia yalirowa na wenyewe walilipwa kwa daraja la chini. Wanachama hao wanajulikana, nasi tumewaomba radhi mbele ya kikao, na hapa tunawaomba tena.

YA KUSHIKA

Nahodha na achomoe kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha. Nahodha wetu alifanya hivyo, na bila ya yeye tungeiendesha mashine ikafa kweli.

Bilula ya maji ya bahari na ifungwe kila jioni, na ufunguo wa mashine utundikwe juu ya bilula hiyo, ili asiwashe mtu kabla ya kuifungua. Na mashine ikikataa kuwaka, funga bilula unapoendelea kuizungusha, kisha ifungue mara tu inapowaka.

Tundu la pampu na lisafishwe kwa sindano kila mwezi, na lisipakwe rangi wala gresi. Likidondosha maji, badilisha sili wiki ile ile.

Wenye mashine za nyuma ya ngalawa nao wasijione wamesalimika. Zile zinazochanganya oili na petroli hazina sampu, lakini oili ya gia iliyo chini penye rafadha hugeuka maziwa kama hii yetu. Mara nyingi sababu yake ni mshipi wa kuvulia uliojiviringisha nyuma ya rafadha ukaikata sili. Ivueni rafadha mara kwa mara mtazame.

Na oili mbovu isimwagwe baharini wala mikokoni, kwani huko ndiko wanakozaliwa samaki na kaa tunaowala. Chama kimeweka pipa ghalani kwa kazi hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejifunza kwamba liko na tundu la kuachwa wazi, na anayeliziba kwa ajili ya uzuri hujenga ukuta vile vile. Mzee wetu hakutaka malipo. Alichukua pishi moja ya karafuu kwa ajili ya nyumbani kwake, akasema inatosha. Tumemwomba awafundishe vijana wawili wa Chama kabla ya msimu ujao, naye amekubali. Mwanachama mwenye kijana anayependa kazi ya mashine na alete jina lake ofisini.